Chokaa, Boriti na Maji ya Mvua: Wiki Ndani ya Mji Mkongwe

Jumatatu

Boti ilitoka Dar saa tatu asubuhi, bahari shwari, na kabla ya adhuhuri tukawa tunaziona nyumba za Mizingani. Ukiingia Unguja kwa bahari, mji unakuonesha uso wake kwanza. Kulia ni Ngome Kongwe na pale palipokuwa pakisimama mnara wa Beit el-Ajaib, jumba la kale la Sultani. Kushoto, karibu kabisa na bandari, ni jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa, rangi ya kijani na nyeupe. Hilo ndilo nililolifuata. Watu wa hapa wanaliita Dispensari.

Mimi nimekulia Kisutu, Dar. Nyumba za ghorofa moja za mitaa yetu, zile zenye tarehe ya ujenzi juu ya mlango na duka chini, nimeziona zikivunjwa moja baada ya nyingine mpaka mtaa mzima ukawa vioo na zege. Siwalaumu waliouza, maana kiwanja cha katikati ya jiji ni mali. Lakini nimebaki na swali linalonisumbua kila nikipita kule: mji ulioamua kuziweka nyumba zake za zamani, kazi hiyo unaifanyaje? Fedha anatoa nani, na mwiko anashika nani? Wiki hii nimeitenga kwa swali hilo.

Nimefikia nyumba ya wageni Kiponda. Jioni nilitembea tu, mpaka Hurumzi, nikashuka Gizenga, nikarudi kwa Soko Muhogo. Kila palipobanduka plasta niliona kitu kilekile: mawe ya matumbawe, udongo mwekundu, chokaa. Huo ndio mji wote, na mbao za boriti juu yake.

Jumanne

Leo nimeshinda Dispensari.

Aliyeanzisha jengo hili ni Tharia Topan, mfanyabiashara Mwismaili kutoka Bara Hindi aliyekuwa pia msimamizi wa forodha ya Sultani. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, mwaka wa kuadhimisha miaka 50 ya enzi ya Malkia Victoria, na nia ilikuwa hospitali. Mwenyewe hakuiona imekwisha. Alifariki 1891, na kazi ilimalizwa 1894 chini ya mjane wake. Mwaka 1900 jengo likanunuliwa kwa fedha za urithi wa Mwismaili mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed, likawa zahanati ya sadaka chini na makazi juu. Jina la Dispensari limetoka huko.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo liliachwa. Majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitaifishwa wakati huo, wenyewe wakiwa wameondoka, na familia kutoka mashamba na mitaa ya Ng'ambo zikapewa vyumba ndani yake. Watu walipata pa kulala, na hilo ni jambo kubwa. Tatizo ni kwamba nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja wenye watumishi wa kupaka chokaa kila mwaka sasa ilikuwa na familia nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa na wajibu wa paa.

Ndipo wanapoingia wahisani. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilichukua jengo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukalifanya kazi yake ya mfano mjini. Nilisimama chini ya roshani ya ghorofa ya kwanza nikitazama juu kwa muda mrefu. Ukingo wa chini umechongwa matone yanayoning'inia, kila tone na umbo lake, na kati ya nguzo kuna nakshi zilizotobolewa, nyembamba sana, za kupitisha upepo. Ukikaribia sana unaona mahali mbao mpya ilipounganishwa na ya zamani. Mshono umeachwa ukaonekana, na naona ni heshima: fundi wa 1894 ana kazi yake na fundi wa karne baadaye ana yake, hakuna anayejifanya mwenziwe.

Ndani kuna ua uliofunikwa, ngazi za mbao na vioo vya rangi. Saa nane mchana jua linapiga upande wa bahari na sakafu inakuwa nyekundu na buluu.

Mfuko huohuo ulishirikiana na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa na Serikali 1985, kuandaa mpango wa hifadhi uliotoka 1994. Kila nyumba ilitembelewa ikaandikwa hali yake. Miaka sita baadaye, 2000, mji ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni wengi wanaijua hiyo ya 2000 tu. Kwa maoni yangu ya 1994 ndiyo nzito zaidi, kwa sababu huwezi kuitunza nyumba ambayo hukuihesabu.

Jumatano

Mvua ya vuli tangu alfajiri. Nilikuwa nimepanga mengine, nikaona bora nifuate maji.

Mji Mkongwe wakati wa mvua unajieleza wenyewe. Paa za zamani zilikuwa za bapa, za chokaa na kokoto za matumbawe zilizopondwa kwa fimbo siku nyingi hadi zikashikana. Zilipoanza kuvuja watu waliweka bati juu yake, na bati linamwaga maji kwenye mfereji, na mfereji ukiziba au ukikatika maji yote yanashuka ukutani. Kiponda niliona ukuta wa ghorofa tatu ukiwa na mstari mweusi kutoka paani hadi chini, na katikati ya mstari huo mti umeota. Mizizi yake imeshika ufa. Ukiung'oa bila ujuzi unaondoka na jiwe.

Mchana mvua ilipopumzika nilikwenda mbele ya Beit el-Ajaib. Sultan Barghash aliijenga 1883. Ilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, ambavyo viliibomoa Beit al-Hukm iliyokuwa jirani yake. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, upande wake wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Mwaka 2012 ilikuwa imeshapoteza kipande kimoja. Jengo hili na Jumba la Makumbusho la Kasri lililo karibu yake vilikuwa vimetajwa katika orodha ya 2014 ya World Monuments Fund, shirika la kimataifa la hifadhi, ya maeneo ya kihistoria yanayohitaji kuangaliwa.

Kijana mmoja muuza kofia alisimama karibu yangu. "Siye skuli tulikuwa tukiletwa hapa," aliniambia. "Mlango wake ule mkubwa, ukiutazama shingo inauma." Hatukusema mengi zaidi. Mvua ikarudi.

Alhamisi

Siku niliyoingojea. Kupitia mwenyeji wangu nilipata ruhusa ya kushinda na fundi mwashi aliyejifunza chokaa akiwa kijana kwenye ukarabati wa Dispensari, na sasa ana wanafunzi wake. Kazi iko kwenye nyumba moja Mkunazini.

"Karibu mwanangu, kaa hapo kwanza uitazame," akaniambia, na akanipeleka kwenye shimo nyuma ya ua.

Shimo limejaa chokaa. Kwa kuitazama tu utadhani ni tope jeupe, lakini ukiikata kwa mwiko inakatika laini kama mtindi uliogandishwa vizuri, na inang'aa pale ilipokatwa. Mzee alinieleza safari yake. Matumbawe yanapangwa juu ya tanuu, kuni chini, yanachomwa mpaka jiwe linakuwa jepesi. Jiwe hilo likitiwa maji linachemka lenyewe, linapasuka, linakuwa unga. Hapo ndipo wanaposema chokaa imezimwa. Kisha inalazwa ndani ya maji, na kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa tamu kufanyia kazi. Shimo hili lina miezi. Alinionya nisiiguse kwa mkono mtupu, inaunguza, na akaniazima glavu.

Niliuliza kwa nini asitumie saruji, maana mfuko wake uko kila duka na kesho yake ukuta umeshakauka.

Hakujibu kwa maneno mara moja. Alinipeleka upande wa pili wa nyumba, ambako mwenye nyumba wa zamani alipiga plasta ya saruji. Akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikatoa sauti ya utupu. Akaingiza ncha ya mwiko kwenye ufa, akabinya, na bamba zima la plasta likaanguka kwa pamoja. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa, mweusi, na juu ya mawe kulikuwa na ukungu mweupe wa chumvi.

"Jiwe hili limetoka baharini, lina chumvi yake. Maji yanaingia juu, yanaingia chini, hayo huwezi kuyazuia yote," alisema. "Ukuta wa chokaa maji yanaingia na yanatoka. Ukuta huu yameingia, yatokee wapi?"

Hapo nilielewa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma bila kulishika. Kuta za nyumba hizi ni nene, nusu mita na zaidi, lakini hazikushikana kwa nguvu. Ni ngozi mbili za mawe, na katikati vifusi na udongo. Zinasimama kwa uzito wake na kwa ukavu wake. Maji yakifungiwa ndani, udongo wa katikati unateremka, ngozi mbili zinaachana, ukuta unafura tumbo. Na siku moja usiku wa masika, nyumba inashuka. Saruji iliyopakwa kwa nia njema, na mara nyingi kwa akiba ya mwisho ya familia, ndiyo iliyofunga mlango wa maji.

Chokaa nayo inashika polepole kwa kuvuta hewa, wiki kwa wiki, na lazima ipakwe tabaka jembamba, kila tabaka lilowanishwe na kuachwa. Ile ya leo ilikuwa ya pili. Wanafunzi walikuwa vijana wa kike wawili na wa kiume watatu, na mzee hakuwa akisema nao sana. Anapita nyuma yao, anagusa ukuta kwa kiganja, anasema "bado" au anaendelea. Mmoja wa mabinti aliniambia alikuwa akisomea uhasibu akaacha. Nikamuuliza kama anajuta. "Hapana. Mafundi wa chokaa wa hapa wanahesabika, dada. Nikijua hii sitakosa kazi maisha."

Hili ndilo ninaloliona kubwa katika kazi ya wahisani wote waliopita mji huu, kuliko jengo lolote walilokamilisha. Roshani ya Dispensari itachakaa tena, chumvi haina mapumziko. Lakini yule mzee alijifunza pale, na leo ana watano nyuma yake.

Ijumaa

Mji unafunga mapema kwa ajili ya sala, kwa hiyo asubuhi tu nilikwenda Kanisa Kuu la Kristo, hapohapo Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa 1873 na mwaka huohuo, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa likawekwa juu ya ardhi ile. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na ambaye kazi yake ya sarufi na tafsiri za Kiswahili bado inatajwa, amezikwa nyuma ya altare. Paa lake ni la zege lenye matumbawe, limepinda kama pipa. World Monuments Fund, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, walilifanyia kanisa ukarabati katika muongo uliopita na wakafungua kituo cha maonesho kuhusu biashara ya watumwa katika jengo la misheni lililo ubavuni.

Sikuchukua picha. Nilisoma kila bango ukutani, na naomba kila atakayekuja afanye hivyo kabla hajaingia kanisani. Majumba mazuri ya mji huu yamejengwa kwa fedha za karafuu, pembe na watu. Kuhifadhi nakshi ya mlango na kuacha habari hiyo nje ya mlango ni kuhifadhi nusu.

Jioni Forodhani. Bustani hii nayo ni kazi ya Mfuko wa Aga Khan, ilifunguliwa upya Julai 2009. Watoto wanaruka baharini kutoka ukutani, wauza mishkaki na juisi ya miwa wamewasha taa, kina mama wamekaa na majamvi. Miongoni mwa yote niliyoyaona wiki hii, hapa ndipo mwenyeji na mgeni wanakaa bila mmoja kumlipa mwingine kiingilio.

Jumamosi

Mzee wa chokaa alinichukua Malindi, kwenye nyumba ya wakfu wanamoishi familia sita. Aliombwa akaitazame tu, hana mkataba wowote pale. Nilibeba ngazi.

Bi mkubwa wa ghorofa ya pili alitupokea. "Karibuni, karibuni, msikanyage hapo katikati," akasema, na akatuonesha njia ya kupita kando ya ukuta, kama watu wa nyumba wanavyopita wenyewe. Vyumba ni vyembamba, virefu. Upana wake ni urefu wa boriti, zile nguzo za mikoko zilizotoka kwenye delta za pwani, na ndiyo maana ukiingia nyumba yoyote ya Mji Mkongwe chumba kina upana wa mita tatu hivi, hata iwe ya tajiri.

Mzee alipanda ngazi hadi darini, akatoa msumari wa inchi sita, akauchomeka kwenye kichwa cha boriti pale inapoingia ukutani. Ukazama wote kwa kidole tu. Akajaribu ya pili, ya tatu. Ya nne ikamkatalia, ya tano ikazama. Akashuka na kuhesabu kwa sauti: tatu mbovu mfululizo, ya nne nzima, ya tano mbovu. Katikati boriti zote ni ngumu kama siku zilipokatwa. Zimeoza vichwa tu, mahali ukuta unapolowa.

Chanzo kiko juu yake. Ghorofa ya tatu familia iliongeza choo miaka ya nyuma, bomba lake limepitishwa ndani ya ukuta, na mfereji wa paa umekatika juu ya hapohapo.

Nilimuuliza bi mkubwa kama hakuna aliyekuja kuwasaidia. Wamekuja wengi, alisema. Wanapiga picha mlango wa chini. Na kweli mlango ule ni wa kupigwa picha: mfaa umechongwa mnyororo na mayungiyungi, miimo ina samaki wamepandana hadi juu kwenye kizingiti, na tarehe ya Hijria imeandikwa kwa Kiarabu. "Mlango hauvuji, mwanangu," akaniambia. "Kinachovuja kiko huku juu."

Hapa nina neno na wahisani, wakubwa kwa wadogo, na nalisema kwa kuwa nimeiona thamani ya kazi yao. Jengo la serikali au la hoteli lina mlango mmoja wa kubisha. Nyumba ya wakfu au ya urithi yenye familia sita, kodi ndogo, na warithi waliotawanyika Muscat, Dubai na London, haina wa kutia saini. Kwa hiyo fedha zinapita mbele yake zikaenda panapoandikika. Lakini mji huu ni nyumba kama hizi kwa mamia. Zikishuka, Dispensari itabaki peke yake ufukweni na nyuma yake viwanja.

Niliona pia upande wa pili. Mitaa ya Shangani nyumba zimetengenezwa vizuri mno, chokaa nyeupe, shaba za mlango zimesuguliwa, na ndani yake hakuna mtoto wa hapa hata mmoja. Nyumba imepona, mwenyeji amehama. Hilo haliwezi kuwa ndilo tulilolitaka.

Jumapili

Boti yangu ni ya jioni. Asubuhi nilipita Vuga kutazama sinema ya Majestic, iliyojengwa upya miaka ya 1950 baada ya ile ya mwanzo kuungua. Mistari yake ni ya mviringo, ya zama zake, haina boriti wala nakshi, na nafurahi kwamba asasi ya Hifadhi Zanzibar imekuwa ikiipigania ifufuke. Mji Mkongwe haukukoma kujengwa karne ya 19.

Nikarudi Malindi kuaga. Nilikuta watu wa nyumba wote wamekaa barazani, hata wa ghorofa ya tatu, na mzee wa chokaa kati yao na kikombe cha kahawa. Alikuwa amechora kwenye kipande cha boksi: mfereji mpya wa paa, bomba la choo kutolewa nje ya ukuta, boriti nne kushikizwa ubavuni kwa mbao mpya. Chokaa iwe ya mwisho kabisa, ukuta ukishakauka, labda baada ya masika.

Mabishano yalikuwa juu ya bomba. Wa ghorofa ya tatu walihofia wabebe gharama peke yao. Bi mkubwa akasema mfereji ni wa wote, bomba wachangie nusu kwa nusu, na barua ya kuomba kibali Mamlaka ataiandika mjukuu wake kesho. Mzee akasema kazi yake ya mfereji hatadai, walete bati na misumari tu. Kijana wa ghorofa ya kwanza akatoa simu akaanza kupiga hesabu ya bei za Darajani. Mimi nikaweka mchango wangu wa mita za mfereji, tukakubaliana kwamba wataanza Jumamosi ijayo, mvua ikiwaruhusu.